Nyuma ya Picha

Kitabu ninachokusudia kukihakiki hapa hakiuzwi dukani. Kina kurasa kumi na nne tu. Kilichapwa katika steshenari moja karibu na soko la Tandale, kikadurufiwa nakala thelathini, kikabanwa kwa pini na kugawiwa bure kwa jamaa wa ukoo mmoja katika mwaka 2012. Jina lake ni "Ukoo Wetu" na mwandishi wake ni mimi. Najua si desturi ya mtu kuihakiki kazi yake mwenyewe, kwani wahenga walikwisha sema kwamba nyani haoni kundule. Langu mimi nilioneshwa na wengine. Na kwa kuwa waliokisoma kitabu kile ni watu wangu, deni la kukisahihisha ni langu pia.

Siku hizi watu wengi wanaandika habari za koo zao. Wanafungua masanduku ya wazee, wanapanga picha, wanakwenda kwenye nyaraka za serikali, wanapekua magazeti ya zamani. Ni kazi njema, na sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Ila nimejifunza kwa aibu kwamba picha, waraka na gazeti ni mashahidi watatu ambao kila mmoja anajua kupotosha kwa namna yake, na kwamba anayewazidi wote kwa kupotosha ni yule anayekaa mezani na kuandika maneno chini ya picha. Huyo ndiye ninayetaka tumtazame.

Tandale ni mtaa uliokua bila kupimwa. Nyumba zilitangulia, na njia zikafuata palipopatikana upenyo. Hadi mwaka 2011, mtu aliyeitazama ramani ya kawaida ya jiji alikuta hapa petu karibu pako wazi, kana kwamba hatuishi mtu. Mwaka huo ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, wakishirikiana na wakazi wenyewe, walipozunguka na vifaa vyao kuandika njia, mifereji, visima na vyoo, wakaiweka Tandale kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Mwezi Desemba wa mwaka uleule zikaja zile mvua zilizozamisha Jangwani na bonde la Msimbazi na kuua makumi ya watu jijini. Kwetu maji yaliingia ndani yakafika usawa wa kitanda. Chini ya kitanda cha shangazi kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku ndimo zilimokuwa picha zetu zote.

Tulipolifungua, picha zilikuwa zimegandana kama chapati zilizolazwa kwenye sahani. Tukazibandua moja moja, tukazianika juu ya mkeka. Katika picha zipatazo sitini, zilizobaki na sura za watu zilikuwa kumi na moja. Iliyo kongwe kuliko zote ilipigwa studio. Mwanamume ameketi kwenye kiti chenye mikono, amevaa vazi la kaki lililofungwa vifungo hadi shingoni, na kofia yake ameipakata. Kulia kwake amesimama mwanamke aliyevaa kanga, mkono mmoja ameuweka juu ya egemeo la kiti. Nyuma yao kuna pazia lililochorwa nguzo kubwa na bustani ya maua ambayo nadhani haijapata kuwako Dar es Salaam. Nikaigeuza. Maji yalikuwa yamebandua ngozi ya karatasi, na kama paliandikwa kitu, kilikwenda na maji.

Siku ile ndipo nilipoamua kuandika. Nilihofu kwamba mvua nyingine ingetuacha watupu kabisa. Na katika ukurasa wa tatu wa kitabu changu, chini ya picha hiyo, niliandika hivi: "Babu na bibi, babu akiwa askari wa Keya, kabla ya kwenda Burma." Maneno kumi na mawili. Ndani yake mna madai matatu makubwa: kwamba mwanamke ni bibi, kwamba mwanamume ni askari, na kwamba alikwenda Burma. Hakuna hata moja nililolithibitisha.

Ujasiri ule niliupata wapi? Kwa sehemu kubwa niliupata katika vitabu vizuri, na hili nataka kulieleza kwa uangalifu ili nisije nikaonekana nawalaumu wenye vitabu.

Mwaka 1973 ilitolewa juzuu iitwayo Modern Tanzanians, iliyohaririwa na John Iliffe, yenye wasifu wa Watanzania mbalimbali. Mojawapo ya sura zake iliandikwa na Daisy Sykes Buruku kuhusu babu yake, Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894 na kufariki mwaka 1949. Baba yake Kleist alitoka Msumbiji akiwa miongoni mwa askari wa Wissmann. Kleist mwenyewe aliwatumikia Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 alikuwa mmoja wa waasisi wa African Association hapa mjini. Haya yote mjukuu aliweza kuyaandika kwa sababu babu alikuwa ameacha maandishi yake mwenyewe juu ya maisha yake. Kinachonivutia katika sura ile ni utulivu wake. Mjukuu haombolezi wala hajisifu. Anamtazama babu kama mtu wa mjini miongoni mwa watu wa mjini, anataja kazi zake, vyama vyake na marafiki zake, na kumwachia msomaji apime.

Miaka ishirini na mitano baadaye, yaani mwaka 1998, Mohamed Said alitoa kitabu chake juu ya maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, ambacho baadaye kilifasiriwa kwa Kiswahili. Hiki si kitabu cha utulivu, na mwandishi hafichi. Anabishana na historia ya TANU iliyoandikwa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981, ambayo kwa maoni yake iliwafuta watu waliotangulia. Silaha zake ni nyaraka za ukoo wa Sykes, barua, picha na kumbukumbu za wazee wa Kariakoo na Gerezani. Hata kama msomaji hakubaliani naye katika kila jambo, atakiri kwamba karatasi zilizotunzwa ndani ya nyumba ya mtu ziliweza kuilazimisha historia ya taifa irudi nyuma na kujieleza. Huo ni ushindi mkubwa wa sanduku la bati.

Lakini kitabu kizuri kina hatari yake kwa msomaji kama mimi. Kinamfundisha kutafuta kilichopatikana mle. Niliposoma kwamba Abdulwahid na mdogo wake Ally walipigana Burma, niliinua kichwa nikaitazama picha yetu na kuona kaki. Katika vita vile walichukuliwa Watanganyika zaidi ya 80,000, basi kwa nini babu yangu asiwe mmoja wao? Ukoo wa Sykes ulikuwa na karatasi, na karatasi zikawafikisha kwenye ushujaa. Mimi sikuwa na karatasi, nikaanza na ushujaa kisha nikatafuta karatasi za kuushikilia. Njia ni ileile, ila mimi niliitembea kinyumenyume.

Nilikwenda Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Idara ile iliundwa baada ya uhuru, ikawekewa sheria yake mwaka 1965 na sheria mpya mwaka 2002. Humo mna majalada ya Wajerumani ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997, na majalada mengi zaidi ya Waingereza. Nilipewa mezani nilichoomba, nikasoma siku nyingi. Jambo moja lilinidhihirikia, ingawa sikulitia maanani wakati ule. Ili Mwafrika wa kawaida aingie katika jalada la serikali ya kikoloni ilimpasa adaiwe kodi, ashitaki au ashitakiwe, aajiriwe kwa cheo kidogo au aogopwe. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini haikumlazimu Mwafrika kuandikisha mtoto wake. Kwa hiyo Kleist Sykes, aliyekuwa katibu wa chama, lazima aonekane. Babu yangu hakuwa katibu wa kitu chochote. Hakushitaki, wala hakuogopwa na mtu.

Kwa mtafiti mwaminifu, ukimya huo ungekuwa jibu, au walau onyo. Mimi niliugeuza kuwa ushahidi. Nikajiambia kwamba kama hayumo katika majalada ya Upanga, basi bila shaka yumo katika majalada ya jeshi huko Uingereza. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kumpandisha babu yake meli bila hata kumwuliza.

Baada ya hapo niligeukia magazeti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu iitwayo East Africana, na kwa mtu anayependa Kiswahili ni mahali pa kusahau chakula. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, likitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Lilichukua habari za miji, barua na mashairi, na kijana Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa walioandika humo. Kwetu, la Erica Fiah, lilianza mwaka 1937, nalo lilikuwa la Mwafrika mwenyewe, lenye ukali wake. Anayetafuta jamaa zake katika kurasa hizo hapana budi akumbuke ni nani waliokuwa wakiandika: walimu, makarani, wauguzi, watu waliojua kusoma na kuwa na senti za stempu. Gazeti hukuonesha mji kama ulivyoonekana kutoka kwenye kiti cha karani.

Katika gazeti moja la zamani nilikuta jina la babu. Jina lake na la baba yake, yote mawili, katika orodha ya watu waliohudhuria shughuli fulani. Nilifurahi kiasi kwamba mkutubi aliniangalia. Nikalinakili, nikalitia ukurasa wa tisa wa kitabu changu. Sikujiuliza hata mara moja ni watu wangapi, kutoka Tanga hadi Kilwa, waliokuwa na majina yale mawili. Tuseme jina ni Juma bin Hamisi. Simama leo sokoni Tandale, kwenye magunia ya mchele na maharage, uite Juma Hamisi kwa sauti, uhesabu watakaogeuka. Majina mawili yakilingana hayamtambulishi mtu. Yanakupa sababu ya kuanza kuuliza, basi.

Kitabu kilipokuwa tayari nilikwenda nacho kwa shangazi, nikamsomea chote kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza akichambua mchele. Nilipofika kwenye ile picha alinyamaza kidogo, akapepeta ungo, kisha akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu." Nikafurahi, nikakigawa.

Mwaka uliofuata mzee mmoja wa Manzese, aliyekuwa ametimiza miaka themanini na ushei, alikiona kitabu kwenye baraza ya jamaa yetu. Akaisogeza picha karibu na macho. "Huyu si Keya," alisema. "Hili ni vazi la tarishi. Mimi mwenyewe nimelivaa." Nilimshukuru kwa heshima, nikamwona mzee aliyechoka macho. Nashangaa hadi leo. Nilikuwa nimemwamini mchoraji wa pazia la studio, nikamwamini mpiga chapa wa gazeti asiyenijua, lakini mtu aliyekuwa amevaa nguo ileile mwilini mwake sikumwamini.

Yaliyobaki yalikuja katika mwaka 2014, siku ya arobaini ya baba yangu mkubwa. Hitima ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Akaja mtu mzima, mgeni kwetu, amevaa kanzu safi, akajitambulisha kwamba ni mtoto wa binti wa babu yetu. Baraza zima liligeuka. Ni lazima nieleze kwa nini, kwa sababu asiyeishi mitaa kama yetu anaweza kudhani tulikuwa watu wabaya. Nyumba zetu nyingi hazikuwa na hati. Mnamo miaka ya 2004 na 2005 serikali ilianza kutoa leseni za makazi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na leseni ya nyumba yetu iliandikwa jina moja tu, la marehemu. Mwenye jina alipokufa, kila aliyesema "na mimi ni wa humu" alionekana amekuja kuomba chumba. Vijana wetu wakamwambia mgeni kwamba ukoo umeandikwa, kitabu kipo, na yeye hayumo. Mmoja akaingia ndani akakileta. Nilikuwa nimeketi palepale, na sikusema neno.

Yule mtu hakubishana. Alitia mkono mfukoni akatoa bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na picha. Ilikuwa ileile: kiti, kaki, kanga, pazia la nguzo na bustani. Studio ilikuwa imetoa nakala mbili. Ya kwake haikuwa imeonja maji. Akasema, "Sikuja kutaka nyumba. Nimekuja ili mama yangu na bibi yangu watajwe kwenye hitima, kama wengine."

Shangazi akaita kutoka ndani: "Mwacheni aingie."

Nyuma ya nakala ile paliandikwa mistari miwili kwa herufi za Kiarabu. Mimi, mtu niliyekwenda Upanga na Chuo Kikuu, sikuweza kuisoma. Akaisoma mwalimu wa madrasa aliyekuja kwa ajili ya hitima. Lugha ilikuwa Kiswahili chetu, ila kwa herufi ambazo wazee wa pwani walikuwa wakiandikia barua na hesabu zao kabla ya skuli. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la mwanamke na la baba yake, na kwamba ni mke wa babu. Mstari wa pili ulikuwa mwaka wa hijra, 1366. Jina lake sitaliandika hapa. Lina wenyewe, na hawajanipa ruhusa ya kulitoa nje ya ukoo.

Usiku ule, watu walipotawanyika, nilimwuliza shangazi kwa nini hakuniambia siku ile niliposoma. Akanijibu: "Hukuniuliza, mwanangu. Uliniambia."

Sina uhakiki wa kitabu changu ulio mkali kuliko huo.

Kisha akaeleza, na safari hii nilisikiliza. Yule mwanamke alikuwa mke wa kwanza wa babu. Waliachana, akarudi kwao Kisarawe na binti mdogo. Babu akamwoa bibi yetu, na habari ile haikuzungumzwa tena mbele ya watoto. Picha aliihifadhi bibi mwenyewe katika sanduku lake, picha ya mke mwenzake aliyemtangulia, kwa sababu alisema picha ya mtu haitupwi. Ama babu, alikuwa tarishi. Hakupata kupanda meli. Watoto wa mtaa ndio waliomwita "Burma" kwa utani, kwa ajili ya ile kaki yake na mwendo wake wa haraka, na sisi wajukuu tukaurithi utani tukaufanya historia. Shangazi aliongeza kwamba picha ilipigwa mwaka wa mgomo mkubwa wa makuli.

Hapo ndipo karatasi ziliponifaa kwa mara ya kwanza. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na mwaka 1943, lakini mgomo mkubwa, ule uliotoka bandarini na kufuata reli hadi bara, ulikuwa wa Septemba 1947. Mwaka wa hijra 1366 ulianza mwishoni mwa Novemba 1946 ukaisha katikati ya Novemba 1947. Kinywa cha shangazi, herufi za nyuma ya picha na historia ya bandari vimekutana mahali pamoja. Na kwa kuwa vita viliisha mwaka 1945, maneno yangu "kabla ya kwenda Burma" yasingeweza kusimama hata dakika moja mbele ya yeyote kati ya hao watatu. Sikuwa nimewahi kuwakutanisha.

Marehemu Susan Geiger aliliona jambo hili mapema kuliko mimi. Alipotaka kuandika juu ya wanawake wa TANU aliona kwamba maandishi yaliyokuwapo hayakuwabeba, akaenda kuketi na akina Bibi Titi Mohamed na wenzake kuwasikiliza kuanzia mwaka 1984. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Kwa masimulizi yao tunajua jinsi vikundi vya ngoma, kama Bomba alichokuwa akiimba Bibi Titi, vilivyoingiza wanawake katika chama. Si kwamba kinywa hakikosei. Sisi wenyewe tulishuhudia utani ukigeuka Burma. Lakini kinywa kina sifa moja ambayo waraka hauna: ukikiuliza swali zuri, kinajibu.

Nimefikiri sana juu ya tofauti ya kosa langu na makosa ya wakubwa. Wakubwa waliwaacha watu bila majina. Walther Dobbertin alipiga picha nyingi hapa nchini katika miaka ya mwisho ya Wajerumani, na mwaka 2008 Nyaraka za Taifa za Ujerumani ziliweka picha zake kwenye intaneti pamoja na nyingine zipatazo 100,000. Mara nyingi Mzungu ana jina na cheo. Mwafrika ni "askari" au "mpagazi". Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927, haina jina la mtu. Kariakoo nzima imechukua jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi, na jina hilo halimtaji mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hilo ni kosa kubwa, nami silipunguzi. Lakini picha isiyo na jina humfanya anayeitazama aulize: huyu ni nani? Picha yenye jina la uongo haiulizwi. Mimi sikumwacha yule mama bila jina. Nilimpa jina la mtu mwingine, nikaufunga mlango, na mjukuu wake alipokuja kubisha akaoneshwa maandishi yangu. Nilidhani naokoa ukoo usipotee kwenye maji. Kumbe yale maji yaliondoa maandishi ya nakala moja tu, na mimi nikataka kumaliza kazi.

Jambo jingine linanirudia kila nipitapo Upanga. Tarishi kazi yake ilikuwa kubeba majalada. Asubuhi hadi jioni, kutoka ofisi hii kwenda ile, kwa miguu. Baadhi ya karatasi nilizozifungua nikitafuta jina lake huenda zilipita kwapani mwake. Nilimtafuta ndani ya jalada, naye alikuwa nje yake, amelishika.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu wanaoanza kazi hii mambo machache tu. Kabla ya kuandika chini ya picha, igeuzeni. Na kama hamuwezi kusoma kilichoko nyuma, mtafuteni anayeweza. Jina mkilikuta gazetini, msilishangilie hadi lipate shahidi wa pili. Msiogope kwamba babu hakuwa shujaa wa vita wala mwasisi wa chama. Na zaidi ya yote, mnapokwenda kwa mzee mwenye kumbukumbu, acheni daftari lifungwe kwanza, muulize, kisha mnyamaze muda mrefu kuliko mnavyoweza kuvumilia.

Shangazi alifariki mwaka 2017. Katika hitima yake majina yalisomwa yote, ya Tandale na ya Kisarawe, na kaka yetu wa Kisarawe ndiye aliyeyasoma. Kitabu nimekiandika upya. Ukurasa wa tisa nimeuondoa wote. Chini ya picha pameandikwa jina la mama yule kama lilivyo nyuma ya nakala ya wajukuu wake, mwaka 1947, na kwamba aliyeketi ni babu, tarishi.

Nilipogawa toleo jipya niliomba nakala za zamani zirudishwe, na nimezichoma nyumbani mwenyewe. Zimerudi ishirini na saba. Tatu bado ziko mikononi mwa watu, mojawapo nasikia iko Tanga, na katika hizo tatu yule mama bado anaitwa bibi yetu.